Tanganyika chini ya dhamana: nchi iliyotawaliwa bila kumilikiwa

Katika miaka ya 1920, msafiri aliyeondoka Nairobi kwenda Dar es Salaam kwa kupitia Mombasa na Unguja alikanyaga ardhi ya namna nne kisheria, ingawa kote huko watawala walikuwa Waingereza. Nairobi ilikuwa ndani ya Koloni la Kenya, lililotwaliwa rasmi kuwa milki ya Mfalme wa Uingereza mwaka 1920. Mombasa ilikuwa katika ule ukanda wa pwani wa maili kumi, ambao kisheria ulikuwa bado ni wa Sultani wa Zanzibar, na Waingereza waliulipia kodi kila mwaka. Unguja yenyewe ilikuwa dola ya Sultani iliyowekwa chini ya himaya ya Uingereza. Na Dar es Salaam, mji mkuu wa Tanganyika, haukuwa katika koloni wala katika himaya. Ulikuwa katika nchi ambayo Uingereza iliitawala kwa dhamana ya Shirikisho la Mataifa.

Kwa macho ya mkulima wa Usukuma au mchukuzi wa bandarini, tofauti hiyo haikuonekana kwa urahisi. Mkuu wa wilaya alikuwa Mzungu yule yule, kodi ililipwa vile vile, na asiyeweza kuilipa alijikuta akiifanyia kazi. Hata hivyo, tofauti hiyo iliyoandikwa katika karatasi za Geneva na London ilikuja kuwa na uzito mkubwa. Iliamua ni nani anayeweza kutoa ardhi na kwa masharti gani, ilizuia Tanganyika isimezwe na jirani yake Kenya, ilimpeleka mkulima wa Meru hadi New York, na baada ya uhuru iliipa serikali mpya hoja ya kukataa mikataba ambayo haikuwahi kuitia saini.

Swali lililokuwa kiini cha yote lilikuwa fupi: Tanganyika ilikuwa mali ya nani?

Baada ya vita vya Wajerumani

Vita Vikuu vya Kwanza vilipomalizika mwaka 1918, Afrika Mashariki ya Wajerumani ilikuwa tayari mikononi mwa majeshi ya Uingereza na Ubelgiji. Kwa Kifungu cha 119 cha Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, Ujerumani ilizikana haki zake zote juu ya makoloni yake ya ng'ambo. Haki hizo hazikukabidhiwa Uingereza peke yake. Zilikabidhiwa kwa pamoja madola makuu yaliyoshinda vita.

Kwa desturi za zamani, aliyeshinda angechukua nyara zake na mambo yangekwisha. Lakini Rais Woodrow Wilson wa Marekani alikwisha kutangaza kwamba vita ile haikupiganwa kwa ajili ya kunyang'anyana makoloni, na Jenerali Jan Smuts wa Afrika Kusini alikuwa ameandika mapendekezo juu ya nchi kusimamiwa kwa niaba ya jumuiya ya mataifa. Smuts mwenyewe hakukusudia mpango huo kwa Afrika. Aliufikiria kwa nchi za Ulaya na Mashariki ya Kati zilizoachwa na madola yaliyovunjika. Hata hivyo, mabishano ya Paris yalimalizika kwa suluhu iliyoyahusu pia makoloni ya Ujerumani ya Afrika na Pasifiki.

Suluhu hiyo ndiyo iliyoandikwa katika Kifungu cha 22 cha Katiba ya Shirikisho la Mataifa. Kilisema kwamba ustawi na maendeleo ya watu ambao bado hawajaweza kujisimamia ni amana takatifu ya ulimwengu uliostaarabika, na kwamba usimamizi wao utakabidhiwa mataifa yaliyoendelea, yatakayoifanya kazi hiyo kwa niaba ya Shirikisho. Lugha hiyo ilijaa dharau ya zama zile. Watu wa Tanganyika, ambao babu zao walikuwa na falme, sheria na masoko yao, walihesabiwa kama watoto mayatima wanaohitaji mlezi. Lakini ndani ya dharau hiyo mlikuwa na jambo ambalo watawala hawakuweza kulifuta baadaye: mlezi hurithi majukumu, harithi mali ya yatima.

Nchi zilizowekwa chini ya dhamana ziligawanywa katika madaraja matatu. Daraja A lilikuwa la nchi za Mashariki ya Kati zilizotoka katika dola ya Waturuki, kama vile Iraq, Syria na Palestina, ambazo zilihesabiwa kuwa karibu na uhuru. Daraja B lilikuwa la nchi za Afrika ya mashariki, ya kati na ya magharibi: Tanganyika, Ruanda-Urundi, Togo na Kamerun. Daraja C lilikuwa la Afrika ya Kusini Magharibi, yaani Namibia ya leo, pamoja na visiwa vya Pasifiki, ambavyo viliweza kutawaliwa kana kwamba ni sehemu ya nchi ya mwangalizi.

Mipaka kabla ya sheria

Kama ilivyokuwa desturi, ramani ilichorwa kabla ya wenye nchi kuulizwa. Mwezi Mei mwaka 1919, Lord Milner wa Uingereza na Pierre Orts wa Ubelgiji walikubaliana kwamba Ubelgiji ichukue Rwanda na Urundi, na sehemu kubwa iliyobaki iwe ya Uingereza. Pembetatu ndogo ya Kionga, kusini mwa mto Ruvuma, walipewa Wareno waliokuwa Msumbiji. Mwaka 1920 sehemu ya Waingereza ilipewa jina la Tanganyika, na Sir Horace Byatt akawa gavana wake wa kwanza.

Katika makubaliano hayo, Waingereza walijitengea pia Gisaka, eneo la mashariki ya Rwanda, wakiwa na ndoto ya njia ya reli kutoka Cape Town hadi Cairo. Ufalme wa Rwanda ukakatwa upande mmoja. Malalamiko yalifika Geneva, na waangalizi wa Shirikisho wakaona si haki kuwatenga watu na mfalme wao kwa sababu ya reli ambayo haijajengwa. Kufikia mwanzoni mwa mwaka 1924, eneo hilo lilikuwa limerejeshwa. Huo ni mmoja kati ya mifano ya mwanzo inayoonyesha kwamba dhamana haikuwa jina tupu.

Serikali ya Tanganyika ilianzishwa kwa Amri ya Mfalme katika Baraza ya Julai 22, 1920. Amri hiyo ilitegemea Sheria ya Mamlaka ya Nje ya mwaka 1890, ile ile iliyotumika kuendesha himaya za Waingereza. Maana yake ni kwamba London yenyewe, katika hati zake, iliihesabu Tanganyika kuwa nchi ya nje ambayo Mfalme ana uwezo wa kuitawala, na si sehemu ya milki yake. Miaka miwili baadaye, mwezi Julai mwaka 1922, Baraza la Shirikisho la Mataifa liliidhinisha hati ya dhamana yenyewe.

Masharti ya dhamana

Hati hiyo ilikuwa fupi, yenye vifungu 13. Kifungu cha 3 kilimtwika mwangalizi wajibu wa kudumisha amani na utawala mwema, na kuendeleza kwa kadiri iwezekanavyo hali ya wenyeji, ya mali na ya maadili. Kifungu cha 4 kilikataza ngome na vituo vya jeshi, na kilikataza kuwapa wenyeji mafunzo ya kijeshi isipokuwa kwa ajili ya polisi na ulinzi wa nchi yenyewe. Kifungu cha 5 kilitaka utumwa ukomeshwe, na kilizuia kazi za kulazimishwa isipokuwa kazi muhimu za umma zenye malipo ya haki. Katika mwaka huo huo wa 1922, Tanganyika ikatungiwa sheria ya kufuta utumwa, jambo ambalo Wajerumani hawakulikamilisha.

Kifungu cha 6 kilihusu ardhi. Mwangalizi alitakiwa kuzingatia sheria na mila za wenyeji, na ardhi ya mwenyeji haikuweza kuhamishiwa kwa mgeni bila ya idhini ya serikali. Kifungu cha 7 kilitoa haki sawa za biashara na makazi kwa raia wa nchi zote wanachama wa Shirikisho. Ndiyo maana Wahindi waliweza kupinga ubaguzi wa kibiashara kwa nguvu zaidi Tanganyika kuliko Kenya, na ndiyo maana Wajerumani waliokuwa wamefukuzwa waliruhusiwa kurudi kuanzia mwaka 1925, na baadaye wakawa wengi miongoni mwa walowezi.

Kifungu cha 10 kilikuja kuwa chanzo cha ugomvi. Kiliruhusu Tanganyika kuunganishwa na nchi jirani za Waingereza katika ushuru, fedha na utawala, mradi masharti ya dhamana yasivunjwe. Na Kifungu cha 11 kiliitaka Uingereza kupeleka taarifa Geneva kila mwaka.

Mwenye enzi ni nani?

Wanasheria wa zama zile walibishana kwa miaka mingi. Wako waliosema kwamba enzi ya Tanganyika ilikuwa ya madola yaliyoshinda vita. Wengine walisema ilikuwa ya Shirikisho la Mataifa. Wengine waliona ni ya mwangalizi, ila imefungwa kwa masharti. Na wako waliosema kwamba ilikuwa ya wenyeji wenyewe, ila imesimamishwa kwa muda, kama mali ya mtoto inavyongoja abaleghe.

Wanasiasa wa London hawakupenda jibu hilo la mwisho. Leo Amery, aliyekuwa waziri wa makoloni kuanzia mwaka 1924 hadi 1929, alishikilia kwamba Uingereza haikuipanga Tanganyika kutoka kwa Shirikisho kama mtu apangavyo nyumba. Kwa hoja yake, Uingereza iliipata nchi hiyo kwa Mkataba wa Versailles, na ilichokubali mbele ya Shirikisho ni wajibu wa kuitawala kwa namna fulani tu.

Jibu lenye uzito zaidi lilitolewa na Mahakama ya Kimataifa ya mjini The Hague mwezi Julai mwaka 1950, ilipoulizwa juu ya Afrika ya Kusini Magharibi. Mahakama ilieleza kwamba kuundwa kwa mfumo wa dhamana hakukuhamisha enzi ya nchi kwenda kwa mwangalizi. Mwangalizi alipewa kazi ya kimataifa, na kazi hiyo ilikuwa kwa faida ya wakazi wa nchi husika.

Katika maisha ya kawaida, hadhi hiyo ilijitokeza hata katika hati za kusafiria. Mwafrika wa Tanganyika hakuwa raia wa Mfalme kama alivyohesabiwa mzaliwa wa Koloni la Kenya. Alihesabiwa kuwa mtu aliye chini ya ulinzi wa Waingereza. Ulinzi huo haukumpa kura wala sauti katika Baraza la Kutunga Sheria lililoanzishwa mwaka 1926, ambalo kwa karibu miaka 20 halikuwa na mjumbe Mwafrika hata mmoja.

Ardhi: mahali tofauti ilipoonekana

Iwapo kuna jambo ambalo dhamana iligusa maisha ya watu, ni ardhi. Nchini Kenya, sheria ya mwaka 1915 iliitangaza ardhi yote, pamoja na ile iliyokaliwa na Waafrika, kuwa ya Mfalme. Mwaka 1921 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba Waafrika walikuwa wapangaji wa Mfalme tu, wanaokaa kwa ridhaa yake. Matokeo yake yanajulikana: nyanda za juu zikatengwa kwa ajili ya walowezi, na kilio cha ardhi kikaja kuwasha moto wa Mau Mau.

Tanganyika ilifuata njia nyingine. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923 iliitangaza ardhi kuwa ya umma, iliyo chini ya usimamizi wa gavana kwa manufaa ya wenyeji. Mgeni hakuuziwa ardhi hiyo moja kwa moja, bali alipewa haki ya kuikalia kwa muda usiozidi miaka 99. Mwaka 1928 sheria ilirekebishwa ili kutambua kwamba mwenyeji anayeitumia ardhi kwa mujibu wa mila za watu wake naye ana haki ya kuikalia.

Isidhaniwe kwamba huo ulikuwa ukarimu mtupu. Mashamba ya Wajerumani yaliyotwaliwa wakati wa vita yaliuzwa kwa Waingereza, Wahindi, Wagiriki na wengineo, hayakurudishwa kwa Wachaga, Wameru au Wasambaa waliokuwa wamenyang'anywa. Na neno "umma" lilimwachia gavana uwezo mkubwa wa kuamua ni nani ahamishwe na kwa sababu gani. Uwezo huo ulirithiwa na serikali huru, na hata leo nchini Tanzania ardhi ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Neno hilo la mdhamini lina historia ndefu kuliko wengi wanavyofikiri.

Macho ya Geneva

Kazi ya kuangalia kama masharti yanafuatwa ilipewa Tume ya Kudumu ya Dhamana, iliyoanza vikao vyake Geneva mwaka 1921. Wajumbe wake wengi walitoka katika nchi zisizokuwa na dhamana yoyote. Mwingereza mashuhuri kati yao, kuanzia mwaka 1923, alikuwa Lord Lugard, gavana wa zamani wa Nigeria na mtetezi mkuu wa utawala wa kupitia machifu, ambao Gavana Donald Cameron aliuanzisha Tanganyika baada ya kufika mwaka 1925. Ujerumani nayo ilijiunga na Shirikisho mwaka 1926 na kupata kiti katika Tume mwaka uliofuata.

Tume ilikuwa na macho, lakini haikuwa na mikono. Ilisoma taarifa zilizoandikwa na serikali zenyewe. Haikutuma wajumbe kwenda kuikagua nchi. Mwenyeji aliyekuwa na malalamiko aliruhusiwa kuandika, lakini barua yake ilipaswa kupitia kwa serikali ile ile aliyoilalamikia, naye hakuweza kufika Geneva kusikilizwa. Alichoweza kufanya mjumbe wa Tume ni kumwuliza ofisa wa Uingereza maswali ya kumkera, na majibu yake yakachapishwa ulimwengu mzima uyasome.

Hata hivyo, aibu ya hadharani ilikuwa na nguvu yake, kama ilivyodhihirika katika suala la muungano wa Afrika Mashariki.

Muungano uliokataliwa

Katika miaka ya 1920, walowezi wa Kenya na marafiki zao wa London walitaka Kenya, Uganda na Tanganyika ziunganishwe kuwa dola moja. Mfano ulikuwapo tayari upande wa magharibi: kwa sheria ya Agosti mwaka 1925, Ubelgiji ilikuwa imeiunganisha Ruanda-Urundi na Kongo yake katika utawala. Tume ya Hilton Young iliundwa mwaka 1927 kuchunguza jambo hilo, na ilitoa ripoti yake mwaka 1929. Gavana Cameron alilipinga kwa nguvu zake zote, akihofia kwamba Tanganyika ingetawaliwa kwa matakwa ya walowezi wa Nairobi. Ujerumani nayo ililalamika kwamba kuiunganisha nchi ya dhamana na koloni ni kuimeza kwa mlango wa nyuma.

Mwaka 1931 Bunge la Uingereza lilisikiliza mashahidi. Miongoni mwao walikuwamo Watanganyika watatu: Martin Kayamba, msomi na ofisa wa serikali aliyezaliwa Unguja na kufanya kazi Tanga, Chifu Makwaia wa Usukuma, na Francis Lwamugira wa Bukoba. Wote hawakuutaka muungano. Hofu yao ilikuwa kwamba ardhi na desturi za watu wao zingekuwa chini ya wale waliokwisha kuichukua ardhi ya Kenya. Mwishoni mwa mwaka huo, kamati ya Bunge iliamua kwamba wakati wa muungano haujafika.

Dhamana haikuwa sababu pekee ya uamuzi huo, kwani mdororo wa uchumi nao ulichangia. Lakini kila aliyetaka kuiunganisha Tanganyika alijikwaa katika jambo moja: huwezi kuchanganya mali ya amana na mali yako mwenyewe, kisha ukasema bado unaijua ipi ni ipi. Huduma kama posta na ushuru ziliunganishwa, na tangu mwaka 1935 stempu moja ilibeba majina ya Kenya, Uganda na Tanganyika. Tanganyika yenyewe ilibaki na sura yake.

Hadhi hiyo ilikuwa na hatari zake pia. Hitler alipoingia madarakani mwaka 1933, Ujerumani ilijitoa katika Shirikisho na kuanza kudai makoloni yake ya zamani. Kwa kuwa Tanganyika haikuwa milki ya Uingereza, wengi waliamini kwamba ingeweza kutolewa kama sadaka ili kuinunua amani ya Ulaya. Mwaka 1938 walowezi Waingereza waliunda chama cha kupinga jambo hilo. Waafrika, ambao wengi wao walikuwa bado wanakumbuka mkong'oto wa Wajerumani na mauaji ya Maji Maji, hawakuulizwa.

Kutoka dhamana hadi udhamini

Shirikisho la Mataifa lilivunjwa rasmi mwezi Aprili mwaka 1946. Desemba 13 mwaka huo, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliidhinisha mkataba mpya ulioiweka Tanganyika chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, mwangalizi akiwa Uingereza ile ile.

Kwa mbali ilionekana kwamba ni jina tu lililobadilika. Lakini Hati ya Umoja wa Mataifa iliongeza mambo makubwa. Lengo la udhamini lilitajwa waziwazi kuwa ni kuwafikisha watu kwenye kujitawala au uhuru. Malalamiko yaliweza kupelekwa moja kwa moja New York bila kupitia kwa gavana. Mlalamikaji aliweza kusikilizwa ana kwa ana. Na kila baada ya miaka michache, ujumbe wa Baraza la Udhamini ulikuja kuikagua nchi. Ujumbe wa kwanza ulifika Tanganyika mwaka 1948.

Wa kwanza kuutumia mlango huo kwa kishindo walikuwa Wameru. Mwezi Novemba mwaka 1951, serikali iliwahamisha kwa nguvu watu wapatao 3,000 kutoka eneo la Engare Nanyuki, chini ya Mlima Meru, ili kuwapisha wafugaji wachache wa Kizungu. Nyumba zilichomwa moto na mifugo ikapotea. Wameru walichanga fedha na kumtuma Kirilo Japhet kwenda New York, ambako mwaka 1952 alizungumza mbele ya Baraza la Udhamini, akisaidiwa na mwanasheria Earle Seaton. Azimio la kutaka warudishiwe ardhi yao lilipofika katika Baraza Kuu, halikupata theluthi mbili za kura zilizohitajika, na Kirilo akarudi bila ardhi. Lakini alizunguka nchini akisimulia aliyoyaona, na watu wengi wakatambua kwa mara ya kwanza kwamba juu ya gavana kulikuwa na baraza ambalo gavana alipaswa kulijibu.

Chama cha TANU kilizaliwa Julai 7, 1954. Mwaka huo huo, ujumbe wa Umoja wa Mataifa ulipendekeza kwamba Tanganyika ingeweza kujitawala katika muda wa miaka 20 hadi 25. Serikali ya Uingereza iliona ni haraka mno. Machi 7, 1955, Julius Nyerere, mwalimu wa shule mwenye umri wa miaka 32, alizungumza mbele ya Baraza la Udhamini. Aliomba itamkwe kwamba Tanganyika ni nchi ya Waafrika kwanza, na alipinga mpango wa Gavana Edward Twining wa kugawa viti vya wawakilishi sawa kwa sawa kati ya Waafrika, Waasia na Wazungu. Katika nchi yenye Waafrika zaidi ya milioni 8 na Wazungu wapatao 20,000, usawa wa namna hiyo ulikuwa dhuluma iliyovaa nguo safi.

Hoja ya Nyerere ilisimama juu ya hadhi ya nchi yenyewe. Hakuhitaji kuomba kwamba koloni ligeuzwe kuwa kitu kingine. Alihitaji kumkumbusha mlezi ahadi yake. Pengine hiyo ni sababu moja, miongoni mwa nyingi, iliyofanya uhuru wa Desemba 9, 1961 upatikane bila vita, wakati Kenya ilikuwa imepitia miaka ya hali ya hatari.

Deni la marehemu

Hesabu za dhamana hazikufungwa siku bendera ya Waingereza iliposhushwa. Machi 15, 1921, Uingereza ilikuwa imetia saini mkataba na Ubelgiji, uliowapa Wabelgiji maeneo ya bandari Dar es Salaam na Kigoma kwa ajili ya mizigo ya Kongo na Ruanda-Urundi. Kodi yake ilikuwa faranga moja kwa mwaka, na muda wake ulikuwa wa milele.

Mwishoni mwa mwaka 1961, Nyerere, akiwa Waziri Mkuu, alilieleza Bunge kwamba mkataba huo hauwezi kuifunga nchi huru. Hoja yake ilikuwa rahisi kama hukumu ya mzee wa kijiji. Uingereza haikuwa mwenye mali. Ilikuwa na haki ya muda tu, kwanza kwa dhamana, kisha kwa udhamini. Na mtu aliyekabidhiwa nyumba kwa muda hawezi kumpangisha mwingine chumba cha nyumba hiyo milele.

Msimamo huo ulipanuliwa kwa mikataba mingine. Tanganyika iliuarifu Umoja wa Mataifa kwamba mikataba ya nchi mbili iliyofungwa na Uingereza ingeendelea kuheshimiwa kwa miaka miwili tu, ili kila mmoja ujadiliwe upya. Julai 4, 1962, serikali iliziarifu Uingereza, Misri na Sudan kwamba haitambui kufungwa na makubaliano ya mwaka 1929 juu ya maji ya mto Nile, yaliyozuia nchi za Ziwa Victoria kutumia maji kwa namna ambayo ingeidhuru Misri bila idhini yake. Misri haikukubali. Mjadala huo umeendelea kwa vizazi, na Mkataba wa Mfumo wa Ushirikiano wa Bonde la Nile, ambao Tanzania ni mojawapo ya nchi zilizoutia saini mjini Entebbe mwezi Mei mwaka 2010, ulianza kutumika mwezi Oktoba mwaka 2024 bila ya Misri na Sudan.

Nchi nyingine zilizokuwa chini ya mfumo huo zilipata bahati tofauti. Rwanda na Burundi zilipata uhuru Julai 1, 1962, zikiwa tayari zimejeruhiwa na siasa za ukabila ambazo mwangalizi wake alizitia mbolea. Afrika Kusini ilikataa kuiweka Namibia chini ya udhamini. Umoja wa Mataifa uliifuta dhamana yake mwezi Oktoba mwaka 1966, na Mahakama ya Kimataifa ikatamka mwaka 1971 kwamba kuwapo kwa Afrika Kusini nchini humo ni kinyume cha sheria. Wapigania uhuru wa Namibia walipata hifadhi Dar es Salaam, katika nchi iliyowahi kuwa chini ya mfumo ule ule, lakini iliwabidi wangoje hadi Machi 21, 1990. Palau, nchi ya mwisho ya udhamini, ilipata uhuru mwaka 1994, na Baraza la Udhamini likasimamisha kazi zake.

Historia ya dhamana haiwezi kuandikwa kama hadithi ya wema wa mataifa makubwa. Kodi, kazi za lazima na nyumba za Meru zilizochomwa moto vinakataza jambo hilo. Wala haiwezi kufutwa kwa kusemwa kwamba dhamana ilikuwa ukoloni kwa jina jingine. Maneno yaliyoandikwa Geneva na watu ambao hawakuwahi kufikiri kwamba Mwafrika angeyasoma, yalisomwa na Kayamba, na Kirilo, na Nyerere. Waliyachukua kama yalivyo, wakamdai mwandishi wake.

Amana, kwa Kiswahili, ni kitu ambacho mwenyewe atakirudia. Waliokabidhiwa Tanganyika mwaka 1922 walilijua neno hilo kwa lugha yao. Ilichukua miaka 39 mwenyewe kukirudia.